Maswali ya wasomaji: kutanua kaakaa na kupanga meno ukiwa mtu mzima

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja. Watu wa miaka ishirini na kitu, thelathini, hata arobaini wanataka kupangwa meno, na wengi wao wameambiwa taya la juu ni jembamba. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Majibu yameandikwa na madaktari wa safu hii.

Shikamooni madaktari. Nina miaka 27, ni mwalimu hapa Moshi. Nikiuma, magego yangu ya juu yanaingia ndani ya yale ya chini, na meno ya mbele yamebebana. Daktari wa kwanza alisema nyaya zinatosha. Wa pili akasema taya la juu litanuliwe kwa kifaa cha skrubu. Wa tatu akataja upasuaji. Nimwamini nani?

Marahaba, mwalimu. Katika barua yako yote hakuna mahali uliposema kuwa kuna aliyekupima mfupa. Hapo ndipo pa kuanzia, maana bila kipimo yeyote kati ya hao watatu anaweza kuwa sahihi.

Kaakaa gumu ni vipande viwili vya mfupa, cha kulia na cha kushoto, vilivyokutana kwenye mshono unaoanzia nyuma ya meno mawili ya mbele na kwenda hadi mwisho wa kaakaa. Utotoni mshono huo ni laini. Kadiri mtu anavyokua, kingo zake huingiana kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana, na mwishowe mfupa huvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kutanua kwa skrubu si jambo geni: Emerson Angell wa San Francisco aliliandika mwaka 1860. Lakini mgonjwa wake alikuwa msichana wa miaka 14, na tofauti ya umri wake na wako ndiyo iliyowafanya madaktari wako wasikubaliane.

Mtoto hufungwa kifaa kilichoshikizwa kwenye magego tu, na mshono ukaachia. Mtu mzima akifungwa kifaa hicho hicho, mara nyingi mshono haukubali. Nguvu hiyo lazima iende mahali, basi huyalaza magego kuelekea mashavuni. Kwenye kioo utaona kinywa kimepanuka, ilhali mizizi inasukuma ukuta mwembamba wa mfupa wa nje. Baada ya miezi fizi hushuka, shingo za meno hubaki wazi, na mara nyaya zinapoondolewa magego huanza kurudi ndani.

Kwa hiyo omba vitu viwili. Kwanza, upana wa taya la juu na la chini upimwe na kulinganishwa, pamoja na kuangalia kama magego yako ya juu yamesimama wima au tayari yameinama. Kwa mtu mzima, nafasi kati ya gego la kwanza la kulia na la kushoto, ikipimwa kwenye ufizi upande wa ulimi, kwa kawaida huwa milimita 35 hadi 39. Namba hiyo ni kiashiria tu. Kinachoamua ni uhusiano wa taya la juu na la chini. Pili, piga picha ya CT ya taya, ile iitwayo CBCT. Humo daktari huusoma mshono na kuupa hatua, A hadi E. A, B na C ni mshono ambao bado una nafasi ya kuachia. D umeshaungana sehemu ya nyuma ya kaakaa, na E umeungana wote. Usikubali kuhukumiwa kwa umri peke yake: wapo wa miaka 30 walio hatua C, na wapo wa miaka 20 walio D.

Ikiwa upungufu ni wa milimita mbili tatu na magego yameinama kwa ndani, nyaya zinaweza kutosha, kwa sababu kazi ni kuyasimamisha tu. Ikiwa mfupa wenyewe ndio mwembamba na mshono una nafasi, kitanuzi kinachoshikizwa kwenye mfupa kwa skrubu ndogo ndicho cha kujaribu kwanza. Katika utafiti mmoja wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2016, wagonjwa 69 wenye wastani wa miaka takriban 21 waliwekewa kifaa cha namna hiyo, na mshono ulifunguka kwa karibu 87 katika kila 100. Umri ukisogea mafanikio hupungua, hasa kwa wanaume. Mshono ukiwa umeungana, au upungufu ukiwa mkubwa, upasuaji ndio njia salama zaidi, hata kama jina lake linatisha. Daktari atakayekuonyesha picha na kukueleza kwa kidole kwa nini amechagua alichochagua, huyo ndiye wa kumwamini.

Hamjambo madaktari. Niko Nairobi, nina miaka 24. Juzi nimewekewa kifaa chenye skrubu nne kwenye kaakaa. Nimepewa ufunguo na maelekezo ya sentensi mbili. Nitajuaje kama kinafanya kazi, na maumivu gani ni ya kawaida?

Hatujambo. Sentensi mbili hazitoshi kwa kazi hii, na una haki ya kurudi kliniki ukaomba uzungushe mbele ya daktari mpaka mkono uzoee. Huku ukisubiri, shika haya.

Funga uzi wa meno kwenye ufunguo na uuzungushe kwenye kidole. Ufunguo ukiteleza hautakwenda kooni. Simama mbele ya kioo, taa iwake, au lala chali mwenzio akusaidie. Ingiza ncha kwenye tundu la skrubu ya katikati ya kifaa (si zile nne zilizoshika mfupa), sukuma taratibu kuelekea kooni hadi uone tundu linalofuata limejitokeza lote. Tundu likionekana nusu, zamu haijakamilika na kesho ufunguo hautaingia. Unapoutoa, ushushe kuelekea ulimi huku ukiuegemeza nyuma. Ukiuvuta mbele, umerudisha ulichozungusha. Vifaa vingine hutumia kispana kidogo badala ya ufunguo, lakini kanuni ni ile ile: kamilisha zamu, usirudishe.

Uliza zamu moja ya kifaa chako ni milimita ngapi, kwa kuwa vifaa havifanani. Kwa vingi ni 0.2 au 0.25. Kama unahitaji milimita 7 na zamu ni 0.25, jumla ni zamu 28, yaani wiki nne kwa zamu moja kwa siku. Andika kila zamu kwenye daftari, tarehe na saa. Ukisahau siku moja, usizungushe mara mbili kulipia; endelea ulipoishia na umjulishe daktari.

Kinachotarajiwa ni mkazo kwenye kaakaa, chini ya pua na pengine katikati ya macho, unaodumu dakika chache hadi saa kadhaa. Meno ya mbele huwasha, na pua inaweza kutoa damu kidogo, kwani skrubu hupita tabaka la chini la mfupa na kushika tabaka la juu, upande wa sakafu ya pua. Paracetamol vidonge viwili vya miligramu 500 hutosha kwa wengi. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 kwa saa 24.

Ishara kubwa ya kwamba mfupa umeachia ni mwanya kati ya meno mawili ya juu ya mbele. Wengine huusikia kwanza, mlio mfupi kichwani wakati wa kuzungusha, kisha mkazo unalegea ghafla. Usipoonekana ndani ya wiki mbili au tatu, huku kaakaa likiuma mahali pa skrubu na magego yakianza kuinama nje, simamisha kuzungusha umwone daktari. Kuendelea kwa matumaini hupinda skrubu, hulegeza zilizoshika, na hukandamiza nyama ya kaakaa hadi itoe kidonda. Picha itaonyesha kama mshono umefunguka au la. Wakati mwingine upande mmoja husogea zaidi ya mwingine, na hilo pia likigundulika mapema hurekebishika.

Mtasimama pale ncha za ndani za magego ya juu zitakapokalia ncha za nje za yale ya chini. Ni kupita kiasi kidogo kwa makusudi, maana kuna kinachorudi. Baada ya hapo skrubu hufungwa na kifaa kikabaki mdomoni miezi 3 hadi 6 ili mfupa mpya ujaze mshono. Miezi hiyo watu wengi huiona ya bure, wakamwomba daktari akitoe mapema. Usiombe. Mfupa mchanga ukiachwa bila nguzo hurudi.

Tena, usiogope sauti yako. Maneno yenye sh, ny, k na g yatakusumbua kwa siku za mwanzo. Soma kwa sauti dakika kumi kila jioni, ulimi utapata njia.

Mimi ni wa Mombasa, nangojea kutanuliwa kaakaa. Nimeambiwa mwanya utafunguka mbele halafu utafungwa. Kwetu mwanya ni uzuri, na mamangu anao. Siwezi kubaki nao?

Unaweza, bibi, ila lisemwe kabla ya kazi kuanza ili daktari apange hesabu yake. Mwanya unaotokana na kutanua ni mkubwa kuliko mwanya wa kuzaliwa: taya likitanuka milimita 6, meno ya mbele yanaweza kuachana kwa milimita 3 au zaidi. Huo haupendezi sana na haukai hivyo. Nyuzi za fizi zinazoshikanisha meno jirani huanza kuyavuta yarudiane wenyewe, hata kabla ya breketi, vile vibandiko vinavyoshika nyaya kwenye meno.

Daktari atauacha upungue hadi kipimo mnachokubaliana, tuseme milimita 1 au 2, kisha atatumia nafasi iliyobaki kupanga meno yaliyobebana. Kila milimita ya kutanua huongeza takriban 0.7 ya nafasi kwenye safu ya meno, kwa hiyo uliza kama kuna ya kutosha kwa vyote viwili. Mwanya utakaobaki utahitaji waya mwembamba wa kudumu nyuma ya meno, uliokunjwa kuuhifadhi, la sivyo utafungika au utapanuka kwa mapenzi yake. Peleka picha ya mamako. Daktari akiona unachokipenda, kazi inakuwa nyepesi.

Nina miaka 38, naishi Dar es Salaam. Picha imeonyesha mshono umeungana, nimeambiwa ni upasuaji kwa nusu kaputi. Nataka kujua kwa kinaganaga nitafanywa nini.

Kitanuzi hufungwa kwanza, siku chache kabla ya upasuaji. Ukishalala, daktari bingwa wa upasuaji wa mdomo na taya huchana ndani ya mdomo, juu ya fizi, kwa hiyo usoni hapabaki kovu. Hukata ukuta wa mfupa kila upande, kuanzia ukingo wa pua kwenda nyuma juu ya mizizi ya magego, kisha hupitisha patasi nyembamba katikati ya meno mawili ya mbele hadi mshono uachie. Madaktari wengi huachanisha pia kiungo cha nyuma, taya linapoegemea mfupa wa ndani zaidi. Kikiachwa, mbele hufunguka na nyuma hubaki pembamba. Kabla ya kushona huzungusha skrubu kuona mwanya unafunguka sawasawa, kisha huirudisha.

Mizizi ya meno mawili ya mbele ikiwa imekaribiana, patasi inaweza kuigusa na jino likafa. Uliza hili mapema. Ikibidi, daktari wa kupanga meno huitenganisha kwanza kwa nyaya, na hiyo inaweza kuchukua miezi.

Kwa siku 5 hadi 7 skrubu haiguswi. Baadaye huzungushwa kama milimita 0.5 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Kasi hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ukiharakisha, mfupa hauwahi kujaza pengo na fizi kati ya meno ya mbele huchanika au kushuka. Ukizembea, pande mbili zinaungana kabla hujafika.

Uvimbe hupanda hadi siku ya pili au ya tatu ndipo hupungua. Ganzi ya mdomo wa juu na mashavu inaweza kukaa wiki, wakati mwingine miezi. Kwa wiki mbili usipenge kamasi, na ukipiga chafya achama. Chakula ni cha kunywa kwanza, yaani uji, supu iliyochujwa na mtori mwepesi, kisha laini hadi wiki ya sita hivi. Omba ruhusa ya wiki mbili kazini. Tundu la pua huweza kupanuka milimita moja au mbili. Likikuhangaisha, mwambie daktari mapema, kuna namna ya kushona inayolipunguza.

Kama una sikoseli, kisukari, shinikizo la damu, au unatumia dawa za kuyeyusha damu au za kuimarisha mifupa, liseme siku ya kwanza kabisa, usingoje siku ya kitanda. Na kama unavuta sigara, acha wiki kadhaa kabla na baada. Kidonda cha mfupa hakipatani na moshi.

Assalaam alaykum. Niko Unguja, nimefungwa breketi na kitanuzi. Ramadhani inakaribia. Nizungushe saa ngapi, nile nini, na nisafishe vipi?

Waalaykum salaam. Kuzungusha skrubu hakuna kinachoingia tumboni, lakini kama moyo hautulii, zamu moja baada ya futari na nyingine wakati wa daku zinakaa vizuri, na dawa ya maumivu inapata nafasi. La hukumu waulize mashekhe.

Futari ya pwani ni laini kwa asili yake: mihogo iliyopikwa ikalainika, ndizi za nazi, viazi, uji wa pilipili manga. Tambi na wali ni sawa. Mtihani uko kwenye vinavyong'ang'ania. Tende, kaimati za shira na kashata hujipachika kati ya kaakaa na kifaa, na sukari ikalala hapo usiku kucha. Tende kata vipande, toa kokwa, na usafishe mara moja. Muwa, mahindi ya kuchoma, karanga na mifupa viache kabisa mpaka breketi zitoke.

Kusafisha ni baada ya futari, kabla ya kulala na baada ya daku. Jaza bomba la sindano la mililita 10 au 20, lisilo na sindano, maji ya uvuguvugu yenye chumvi (nusu kijiko cha chai kwa glasi moja), kisha piga chini ya kifaa kutoka upande hadi upande mpaka maji yatoke safi. Utashangaa kinachotoka. Kuzunguka vichwa vya skrubu tumia mswaki laini wa kichwa kidogo. Mswaki wa mti una faida zake, lakini nyuzi zake hunasa kwenye breketi, basi usiutegemee peke yake kwa kipindi hiki. Nyama ya kaakaa ikivimba na kupanda juu ya kifaa, au skrubu ikitikisika, nenda hospitali hata kama haiumi.

Natokea Arusha, meno yangu yana rangi ya kahawia tangu utotoni. Breketi zinabanduka kila mara, daktari ananilaumu nakula vigumu. Sili vigumu.

Tunakuamini. Maji ya ardhini katika sehemu nyingi za Arusha, Kilimanjaro na Manyara, na kwa jirani zetu Naivasha na Nakuru, yana floridi nyingi, kwingine mara kadhaa ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno yanaundwa ndani ya taya, gamba la nje hutoka na hitilafu. Tabaka lake la juu huwa sugu kwa asidi, na chini yake kuna vitobo vidogo vidogo.

Breketi hugandishwa kwa kulichubua gamba hilo kwa asidi ya fosforasi ya asilimia 37 au karibu na hapo, kwa sekunde 15 hadi 30, ili gundi ipate pa kushika. Kwenye jino lenye madoa ya floridi muda huo mara nyingi hauchubui kitu. Daktari anayelijua eneo lenu husugua kwanza tabaka la juu, huongeza muda wa asidi, hupaka kiunganishi maalumu, na kwenye magego huacha breketi akatumia pete za chuma zinazozunguka jino zima. Mwombe hivyo. Breketi inayobanduka mara tatu nne si usumbufu tu: kila mara jino linarudi nyuma kidogo na tiba inarefuka.

Kuna wanaodhani meno ya floridi hayaozi. Yanaoza, hasa kuzunguka breketi. Na kwa kuwa gamba lake ni dhaifu, breketi zitolewe polepole, kwa koleo sahihi, siku ya mwisho.

Nilitolewa "meno ya plastiki" nikiwa mchanga huko Dodoma. Leo nina miaka 22, chonge mbili za chini hazipo na moja ya juu imeota imepinda. Nimeambiwa nitanuliwe kaakaa. Kuna faida?

Pole sana. Kwa wasiojua, "meno ya plastiki" ni vichipukizi vya kawaida vya chonge za utoto, ambavyo hung'olewa kwa chuma au kucha mtoto akiwa na homa au kuhara, kwa imani kuwa ndivyo vinavyomuumiza. Kichipukizi cha jino la ukubwani kiko karibu sana na hapo, na mara nyingi huharibiwa au hutoka nacho. Homa hubaki pale pale, tena kidonda kinaweza kuingiza maambukizi yanayoua.

Kwako, anza na picha ya taya zote mbili. Chonge zinazodhaniwa hazipo wakati mwingine zimelala ndani, na zinaweza kufunuliwa na kuvutwa kwa mnyororo mdogo uliofungwa kwenye waya. Kama hazipo kweli, chaguo ni mawili: kusogeza gego dogo la kwanza lichukue nafasi ya chonge na kulichonga lifanane nayo, au kuhifadhi nafasi kwa jino la bandia.

Uamuzi huo utangulie kutanua kaakaa. Taya la chini likiwa limepungukiwa meno mawili, safu yake imesinyaa, na la juu huenda limebanwa kulifuata. Ukitanua la juu kabla ya kujua la chini litaishia na upana gani, magego yatakosana. Mwambie daktari akupangie meno kwenye modeli ya plasta au ya kompyuta, uone mwisho wake kabla ya skrubu ya kwanza.

Niko Muscat, nina miaka 41. Nakoroma sana na mke wangu anasema pumzi hukatika usingizini. Nimesoma kwamba kutanua kaakaa huponya.

Kaakaa ndiyo sakafu ya pua. Likitanuka, njia ya hewa ya pua hupanuka, na wengi wenye taya jembamba hupumua kwa wepesi zaidi. Lakini pumzi kukatika usingizini kuna sababu nyingi: unene wa shingo, ulimi, taya la chini lililorudi nyuma, tezi. Fanya kipimo cha usingizi kwanza, chenye kuhesabu mara ngapi kwa saa pumzi inakatika. Namba ikiwa kubwa, tiba ya haraka ni mashine ya kusukuma hewa, na isisubiri meno. Kutanua kunaweza kufuata kama taya lako kweli ni jembamba, na kipimo kirudiwe baadaye. Sasa hivi usiendeshe gari safari ndefu ukiwa na usingizi.

Rafiki yangu hapa Kigali anabandika ulimi juu ya kaakaa masaa yote, anasema taya litatanuka. Mwingine kaagiza kitanuzi mtandaoni cha kuvaa usiku.

Ulimi kupumzika juu ni tabia nzuri, hasa baada ya matibabu. Hakuna ushahidi kwamba unafungua mshono wa mtu mzima. Huyo wa mtandaoni ndiye tunayemhofia: kifaa kisichopimwa kinywani mwake, kisicho na picha wala mtu wa kukisimamisha, kitasukuma meno nje ya mfupa wake. Fizi iliyoshuka hairudi yenyewe. Mwambie akivue.

Nilimaliza matibabu miaka miwili iliyopita hapa Kampala. Kwa miezi minne nilivaa kifaa cha kushikilia meno yasirudi, nikakiacha. Meno ya chini yameanza kubebana na gego moja limerudi ndani. Nianze upya?

Huenda si upya kabisa. Kama bado unacho, kiingize. Kikikaa hadi mwisho kwa kubana tu, kivae mchana na usiku, ukivua wakati wa kula na kupiga mswaki, mpaka kilegee. Hapo rudi kuvaa usiku. Kikibaki juu ya meno bila kushuka, usikilazimishe, nenda upimwe mpya.

Uliza pia kilikuwa cha aina gani. Kile chembamba cha plastiki angavu hushika vizuri meno ya mbele, lakini huinama na hakizuii sana upana. Aliyetanuliwa anahitaji cha plastiki ngumu inayofunika kaakaa, chenye waya mbele, kwa miezi 6 ya mwanzo karibu muda wote na baadaye kila usiku kwa miaka yote unayotaka meno yakae. Wengi huongezewa waya mwembamba nyuma ya meno sita ya chini, unaosafishwa kwa uzi unaopitishwa chini yake.

Gego lililorudi ndani ndilo linalohitaji jicho la daktari. Kama ni jino limeinama, miezi michache ya nyaya inaweza kulisimamisha. Kama ni taya lenyewe limesinyaa, picha irudiwe ilinganishwe na ya zamani, kwa hiyo omba faili lako kliniki ulikotibiwa kabla halijatupwa.

Kifaa kipya kisafishe kwa maji baridi na mswaki. Maji ya moto hukipinda. Ukila hotelini kitie kwenye kisanduku chake. Kikizungushiwa tishu kando ya sahani, mhudumu atakitupa na mabaki.